Hakimu Aliyekwenda Vitani

Leo nawapeni habari za Antonio de Morga, hakimu wa Kihispania. Mwaka 1595 alifika Manila, katika visiwa vya Ufilipino, awe naibu wa Gavana; baadaye akawa jaji wa baraza kuu la hukumu.

Tarehe 14 Desemba 1600, ingawa hakuwa mwanamaji, aliongoza marikebu San Diego kupigana na Waholanzi. Marikebu ilikuwa imeelemewa na mizigo. Ikazama, na watu wengi wakafa maji. Morga akaogelea, akaokoka.

Katika kitabu chake cha mwaka 1609 alimlaumu jemadari mwenziwe. Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake! Lakini mwaka 1991 wazamiaji waliiona marikebu ile chini ya bahari, pamoja na mizinga yake. Ahukumuye wenziwe, naye atahukumiwa.