Faida ya Masomo ya Juu ya Jiografia kwa Mtaa Wetu



Huulizwa: kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya jiografia afuata nini tena katika shahada ya uzamili? Je, ni kukariri majina ya mito na milima? La, hasha. Shahada ya kwanza humfunza yaliyokwisha kuandikwa. Ya uzamili humtaka achague jambo moja, alichunguze mwenyewe, kisha aandike tasnifu na kuitetea mbele ya walimu.

Na ya kuchunguzwa yapo mlangoni petu Lucky Summer. Ng'ambo ya Mto Nairobi liko jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, wala kumwaga taka hakukukoma. Mwaka 2007 ilitolewa ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa: watoto 328 wa ujirani wa jaa walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa damu, damu yao ilikuwa na madini ya risasi kwa kiwango cha hatari. Moshi huelekea nyumba zipi, na kwa majira gani? Hilo ni swali la mwanajiografia.

Basi mwanafunzi akija, mpokeeni. Mwonyesheni mafuriko ya mwaka 2024 yalifika wapi, kwani wazee ndio vitabu vyake. Lakini muagane kwa sharti: tasnifu ikikamilika, nakala irudi chamani, na matokeo yasomwe mkutanoni kwa Kiswahili. Elimu iliyochotwa kwetu haina budi kuturudia.