Kulala Nkololo, Kushinda Bariadi: Mpaka wa Jimbo na Haki ya Kuwakilishwa



Daftari la wapigakura humwandika mtu mahali anapoishi. Maisha ya watu wa Nkololo, hata hivyo, hayatulii mahali pamoja. Alfajiri bodaboda huelekea Bariadi mjini zikiwa zimebeba wauza kuku, mafundi na wagonjwa, na jua likizama hurudi na watu walewale. Tangu jimbo la Bariadi ligawanywe kuwa mawili mwaka 2025, watu hao huvuka mpaka wa jimbo kila wanapokwenda kutafuta riziki. Nasema wazi kwamba mpaka huo umewapunguzia sauti, na kwamba sauti hiyo inaweza kurudishwa bila kuufuta.

Wapigakura wa Usukumani, ambako Bariadi ipo, hawajawahi kuwa watu wa kuburuzwa. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili jimboni, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, tena kiongozi aliyejenga vyama vya ushirika vya pamba vya Kanda ya Ziwa hadi vikaungana katika Victoria Federation. Aliangushwa, na walioshika karatasi za kura walikuwa wakulima walewale wa pamba. Siioni kura ile kuwa ya utovu wa shukrani. Uwaziri hauzuii mkulima kumuuliza mtu wake amemfanyia nini.

Vyama vingi viliporudi, Bariadi ilichukua njia yake. Biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, na mwaka huohuo chama cha UDP cha John Cheyo kikasajiliwa. Cheyo, ambaye watu walimwita Bwana Mapesa, aligombea urais mwaka 1995 na tena 2000, akapata asilimia 4 hivi kila mara. Kitaifa hizo ni kura chache. Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa: mwaka 2000 majimbo yote mawili ya Bariadi ya wakati huo yalikwenda UDP, Magharibi kwa Isaac Cheyo na Mashariki kwa Danhi Makanga. Wakati upinzani ukitafutwa Dar es Salaam na Kilimanjaro, hapa ulikuwa umeota katikati ya mashamba ya pamba.

Mwaka 2005 njia za pande hizi mbili ziliachana. Mashariki ilimpeleka bungeni John Cheyo mwenyewe na kumrudisha 2010. Magharibi, upande wetu, ilimchagua Andrew Chenge wa CCM, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Aprili 2008 Chenge alijiuzulu Uwaziri wa Miundombinu wakati wachunguzi wa Uingereza wakifuatilia fedha za ununuzi wa rada ya Tanzania. Hakufikishwa mahakamani kwa suala hilo, na jimbo lilimchagua tena 2010 na 2015. Wapo waliowabeza wapigakura wetu kwa hilo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Unaweza kuikosoa hukumu ya mpigakura bila kumwita mjinga, na jimbo lililowahi kuiangusha CCM halihitaji kufundishwa kwamba mbunge anaweza kuondolewa. Mwaka 2020 Chenge hakuvuka mchujo wa chama chake. Kiti kikaenda kwa Kundo Mathew.

Katikati ya hayo ramani yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka 2012 ulizaliwa Mkoa wa Simiyu, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,140,497. Bariadi Mashariki ikawa Wilaya ya Itilima. Magharibi ikabaki Bariadi, ikiwa na halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane nchini, moja likiwa Bariadi Mjini. Nkololo ikabaki Bariadi Vijijini.

Faida zipo. Mbunge wa vijijini sasa ana kata chache za kuzunguka, na kila jimbo lina mgao wake wa Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Tulichopoteza hakionekani kwa urahisi. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la eneo lake. Jimbo lilipokuwa moja, mbunge wa Bariadi alikaa katika mabaraza yote mawili. Kwa hiyo aliyeombwa kura Nkololo aliingia pia katika ukumbi unaopanga ushuru wa soko la mjini, nafasi ya machinga na kituo cha magari. Mama anayeshusha mizigo yake sokoni alikuwa na mtu mle ndani aliyehitaji kura yake. Leo analipa ushuru unaopangwa na baraza ambalo hakuna mjumbe wake hata mmoja anayehitaji kura yake.

Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia inapogawa majimbo, na ipitie mipaka angalau kila baada ya miaka kumi. Mawasiliano si lami peke yake. Ni pamoja na nani anakwenda wapi, na kwa shughuli gani. Tume ihesabu pia safari za kila siku, siyo makazi tu. Lakini miaka kumi ni mirefu mno kwa anayelipa ushuru kesho asubuhi. Mabaraza haya mawili yanaweza kukubaliana kukaa pamoja mara moja kwa mwaka, wabunge wote wawili wakiwepo, kujadili ushuru wa masoko, vituo vya magari na huduma za afya zinazotumiwa na watu wa pande zote. Kikao cha kwanza kikae kabla ya bajeti ya Julai ijayo, na kikae hapa Nkololo.