Namba Moja, Maana Mbili: Pale Simu na Seva Zinapokosa Kuelewana

Jioni inapoingia katika Dubai Marina, mtaa wa maghorofa marefu yaliyozunguka mfereji wa bahari uliochimbwa na binadamu huko Umoja wa Falme za Kiarabu, walinzi wa majengo hubadilishana zamu. Miongoni mwa wafanyakazi wa mji huo wamo vijana wengi kutoka Uganda na Kenya. Mlinzi anayemaliza zamu huchukua simu yake na kutuma fedha nyumbani: karo ya mdogo wake au dawa ya mama. Asichokiona ni kwamba kabla ya fedha hizo kufika Kampala, programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti hulazimika kukubaliana juu ya maana ya namba moja.

Mpenzi msikilizaji, programu ya kwanza imo ndani ya simu. Ya pili imo katika kompyuta kuu iitwayo seva, inayotunza hesabu za wateja wote. Kila upande una fasili zake za aina za data: kipi ni jina, kipi ni tarehe, kipi ni namba kamili na kipi ni namba yenye desimali. Fasili hizo zikipishana, hali huwa kama ya Mswahili aliyeagana na mgeni wakutane saa mbili asubuhi. Mgeni ataamka usiku wa manane, na Mswahili atafika jua limekwisha kupanda. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja ameshika fasili yake.

Katika fedha hatari ni kubwa zaidi. Programu nyingi huhesabu fedha kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Dirhamu ya Emirati ina filsi 100, na riali ya Omani ina baisa 1,000. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, shilingi za Kenya na Tanzania zina tarakimu mbili baada ya nukta, ilhali shilingi ya Uganda haina hata moja. Basi seva ikituma namba 50000, ikikusudia shilingi elfu hamsini za Uganda, na programu ya simu ikachukulia kwamba kila shilingi ina senti 100, kioo kitaonyesha shilingi 500. Mtumaji atadhani ameibiwa. Kosa hilo likielekea upande wa pili, aliyetaka kutuma shilingi 50,000 atakuwa ameagiza milioni tano.

Kurekebisha si jambo jepesi. Seva yaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja, lakini simu zimo mifukoni mwa maelfu ya watu, na wengi wao hukaa miezi kadhaa bila kupakua toleo jipya. Kwa sababu hiyo wataalamu hushika kanuni mbili.

Ya kwanza ni kwamba fasili iandikwe mahali pamoja tu, kisha chombo maalumu kizalishe kutokana nayo msimbo wa pande zote mbili. Hivyo ndivyo unavyofanya kazi mfumo wa Protocol Buffers, ambao kampuni ya Google iliutoa kwa umma mwaka 2008.

Ya pili ni kwamba kilichokwisha kutolewa kisibadilishwe maana. Jambo jipya liongezwe kwa jina jipya. Mwaka 2010, namba za utambulisho wa ujumbe katika Twitter zilikuwa zinaelekea kupita 9,007,199,254,740,991, kikomo ambacho lugha ya JavaScript huweza kuhifadhi namba kamili bila kukosea. Namba ya zamani haikuondolewa. Kando yake iliongezwa namba hiyo hiyo ikiwa katika umbo la maandishi.

Hata hivyo, kulingana kwa umbo si kulingana kwa maana. Mwaka 1999, chombo cha anga cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipoifikia sayari ya Mars. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vipimo vya newton. Pande zote mbili zilishika namba, na kikagua umbo peke yake kisingeona kasoro yoyote.

Ndiyo maana fasili iliyo salama haisemi "kiasi" na kuishia hapo. Husema kiasi pamoja na sarafu yake, na huambatana na jaribio: shilingi 50,000 za Uganda na riali moja ya Omani hutumwa kutoka simu hadi seva na kurudi, kwa toleo jipya na kwa matoleo ya zamani yaliyobaki mikononi mwa watu. Kisichorudi kama kilivyokwenda hakitolewi.

Mlinzi wa Dubai Marina hatasikia habari za jaribio hilo. Yeye anangoja ujumbe mfupi kutoka Kampala, wa kumwambia kwamba karo imefika, na imefika yote.