Nyota Iliyolipuka na Elimu Isiyopotea



Wako miongoni mwetu wanaomwambia kijana apendaye hesabu za nyota kuwa elimu hiyo haina faida. Tunapenda kuwajibu kwa habari ifuatayo.

Usiku na mchana hutushukia kutoka angani chembe ndogo mno, nyingi zikiwa protoni, ziendazo kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto kupita mita 5,000, akaona kwamba miale hiyo huzidi huko juu; basi yatoka nje ya dunia. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walitoa rai kuwa asili yake ni nyota zilipukazo. Lakini chembe hizo hupataje nguvu?

Mwaka 1978 Anthony Bell, kijana aliyesoma Cambridge, Uingereza, alieleza. Nyota ikilipuka, mabaki yake husukuma wimbi la mshtuko kwa maelfu ya kilometa kwa sekunde. Chembe huvuka wimbi hilo, hurudishwa na nguvu za sumaku, kisha huvuka tena, na kila mvuko huiongezea nguvu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Wataalamu wa Muungano wa Kisovieti na wa Marekani nao walifikia jawabu hilo karibu wakati ule ule.

Hata hivyo palibaki tatizo: sumaku ya angani ni dhaifu, haiwezi kuzizuia chembe zenye nguvu kubwa zaidi. Mwaka 2004, baada ya miaka 26, Bell huyo huyo alionyesha kwamba chembe zenyewe huikuza sumaku inayozizuia. Mwaka 2013 darubini ya Fermi, iliyoko angani, ilileta ushahidi wa protoni hizo katika mabaki mawili ya nyota. Hata leo wataalamu wanajadiliana iwapo mabaki hayo huzifikisha chembe kwenye nguvu za juu kabisa.

Sasa tazameni, ndugu zetu. Mwaka 1995 wataalamu wa Japani, kwa darubini ya eksirei iitwayo ASCA, walikuta dalili za elektroni zilizoharakishwa mno katika mabaki ya nyota iliyoonekana mwaka 1006. Nani waliotujulisha nyota hiyo ilionekana lini na wapi? Mmoja wao ni Ali ibn Ridwan wa Misri. Aliiona angali kijana anayeanza masomo, na baadaye akaandika mahali ilipokuwa na ukubwa wake akiulinganisha na Zuhura. Hakujua chochote kuhusu protoni. Aliandika kwa uaminifu alichokiona, na miaka 989 baada ya nyota hiyo kuonekana maandishi yake yalikuwa yangali yakiwafaa watu.

Basi tusiwavunje moyo vijana wetu. Anayeuliza kuhusu nyota tumpe kitabu, daftari na kalamu. Huenda faida ya elimu yake tusiione sisi, wakaiona wajukuu wa wajukuu zetu.

Wabillahi tawfiq.