Msanii na Kauli ya Kisiasa: Mtazamo kutoka Uwanda wa Kati

Mada hii ya semina inachunguza iwapo msanii wa burudani, yaani mtu anayeishi kwa kuimba, kughani, kuigiza au kuchekesha, anastahili kutoa hadharani maoni yake ya kisiasa. Na maoni hayo yanajumuisha kumpigia debe mgombea au chama, na vilevile kusifu au kukosoa namna nchi inavyoongozwa.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania suala hili ni kongwe kuliko bongofleva. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960 na ambaye baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliimba kwa zeze na ilimba akiwasifu viongozi, na hadi alipofariki mwaka 2003 alihesabiwa kuwa fahari ya taifa. Kapteni John Komba naye aliimbia Chama Cha Mapinduzi akiwa na kundi la Tanzania One Theatre, kisha akaingia bungeni. Wasanii hao walistahili heshima waliyopewa. Ila aliyesifu hakuulizwa kama siasa inamhusu, na swali hilo huibuka pale tu msanii anapokosoa.

Mfano ulio wazi ni wa Machi 2017, Nay wa Mitego alipokamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", ambao Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, liliufungia. Haukupita muda, Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza mjini Dodoma kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo na ameagiza msanii aachiwe. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini msanii aliachiwa kwa hisani ya mkubwa, ilhali ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni bila kungoja kupendwa na yeyote. Hisani haidumu: mwaka 2024 msanii huyohuyo aliitwa tena na BASATA kwa sababu ya wimbo "Nitasema".

Wapo wanaohoji kwamba msanii huwavuta vijana kwa umaarufu, wala si kwa ujuzi wa mambo ya utawala. Hoja hiyo ina uzito, hasa wakati wa kampeni, ambapo shabiki hawezi kutambua kama anayeimba jukwaani anasema la moyoni au amelipwa. Tiba yake, hata hivyo, ni uwazi, kwa kuwa kumnyamazisha msanii hakumwongezei kijana ujuzi wowote.

Kwa hiyo semina hii inaombwa kupendekeza mambo mawili: BASATA isiufungie wimbo kwa sababu tu unaikosoa serikali, na msanii anayelipwa kukipigia debe chama chochote autangazie umma kwamba amelipwa.