Pikapu Imeishiwa Nguvu: Tusikimbilie Kufungua Injini

Wiki hii tunaweka jembe kando kidogo tuzungumzie pikapu, maana viazi vilivyokwisha kuchimbwa havimsubiri fundi. Vikikaa juani vinageuka kijani, vikilowa vinaoza.

Tuseme unayo pikapu ya zamani ya dizeli, isiyo na tabo. Inatoka Njombe na viazi kwenda Makambako, kiasi cha kilomita 60 za lami. Mlima iliokuwa ikiupanda kwa gia ya tatu, sasa inadai ya pili. Unaipeleka gereji, na kabla hata injini haijapoa unaambiwa, "Hii imekwisha mzee, tufanye ovahoo." Ngoja kwanza. Ovahoo inaweza kumeza mauzo ya msimu mzima, na kama kasoro ilikuwa chujio chafu la mafuta, utarudi barabarani huna fedha na gari bado halivuti.

Lazima tujue pia kwamba mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Kama pikapu ilitoka pwani na ukaiona nzito tangu siku ya kwanza, huo si ugonjwa. Ugonjwa ni nguvu kupungua mwezi hadi mwezi, mlima uleule, mzigo uleule. Nasema mzigo uleule kwa makusudi. Lumbesa inadanganya: unahesabu magunia kumi, gari linabeba uzito wa kumi na matatu.

Sasa, likiwa linapanda, utingo atazame moshi. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi, au nozeli zinamwaga mafuta ovyo. Anza na chujio la hewa, kwani vumbi la barabara za mashambani huliziba upesi. Litoe, ulimulike kwa tochi kutoka ndani. Mwanga usipopita, nunua jingine. Usiendeshe bila chujio hata siku moja: vumbi litakula ringi na silinda, na hapo ovahoo itakuja kweli. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ya Juni usikutishe. Wa bluu ni oili inayoungua.

Kama moshi hauonekani na gari linafifia tu, injini ina njaa ya mafuta. Zima injini, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, mwingine atazame mkono wa pampu kama unafika kwenye kizuizi chake. Pengine waya umelegea, au kapeti limejikunja chini ya pedeli. Gari likififia njiani, simama ufungue kifuniko cha tanki. Likivuta hewa kwa sauti na nguvu zikarudi, tundu la kupumulia limeziba. Kisha badilisha chujio la mafuta na umwage maji yaliyotuama chini yake, hasa wewe unayenunua dizeli ya madumu. Baadaye toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, la sivyo halitawaka.

Injini ikinguruma lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Na baada ya kilomita chache, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kupita nyingine, breki yake inang'ang'ania. Hilo usiliahirishe hata kwa safari moja, kwa sababu breki iliyopata moto hivyo haishiki sawasawa mteremkoni, na nyuma yako una tani ya viazi.

Yote hayo yakiwa safi, ndipo fundi apime nozeli, mwanya wa valvu, na mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Akuonyeshe namba za silinda zote, uziandike. Zikiwa chini, au moja ikiwa mbali sana na wenzake, mnayo sababu ya kufungua injini. Fundi wako asipokuwa na geji, mtafute mwenye nayo Makambako au Njombe mjini, kabla hujauza viazi vya mbegu kulipia ovahoo.