Upepo wa Loiyangalani na Kura ya Diwani



Umeme safi wa Kenya tunajivunia, na tuna haki. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, kwa mtambo wa megawati 15. Leo Loiyangalani, kule Marsabit, mitambo 365 ya upepo ina uwezo wa megawati 310. Lakini jioni hii naomba tuitazame ardhi iliyo chini ya mitambo hiyo ya upepo, na watu waliokuwa na mamlaka ya kuitoa.

Ni ekari takriban 150,000. Wafugaji wa Kirendille, Kisamburu na Kiturkana walilisha na kunywesha mifugo huko kabla ya mwekezaji yeyote kuupima upepo. Kabla ya ugatuzi, ardhi ya namna hiyo ilishikiliwa na baraza la madiwani kwa niaba ya wakazi. Sheria ya wakati huo ilidai wakazi wajulishwe, bodi ya ardhi ya eneo ikae, na fidia izingatiwe. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikiketi Meru, iliamua kwamba utaratibu haukufuatwa na hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Kufikia hapo mitambo ilikuwa imeshasimikwa, na umeme ulikuwa ukisafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa.

Kosa hilo lilianzia chini kabisa, kwa diwani, mtu ambaye wafugaji wale wangeweza kumwita manyattani na kumuuliza. Ndiyo maana linaniuma.

Mjini tumejifunza kuitetea ardhi ya wazi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, wabunge walimkejeli bungeni, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka katika Bunge hilohilo, na mwaka 2005 likapitisha Sheria ya Misitu iliyowapa wananchi nafasi ya kushiriki katika utunzaji wa misitu, na msitu wa Karura ulinufaika nayo. Ila bustani ina nyasi zilizokatwa na watu wa kupiga picha. Malisho ya Marsabit, mtu wa Nairobi akiyapita kwa gari, huyadhani hayana kazi wala mwenyewe. Ng'ombe wamehamia kwingine, watarudi mvua ikinyesha, naye hayupo kuwaona.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, zigo la diwani sasa ni lenu. Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya 2016 inasema ardhi ya jumuiya isiyosajiliwa ishikiliwe na serikali ya kaunti kwa amana. Ikishasajiliwa, mkataba wa uwekezaji unahitaji ridhaa ya theluthi mbili ya watu wazima wa jumuiya. Kwa hiyo mwekezaji mwenye haraka atapenda ibaki bila kusajiliwa. Nayo Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati.

Mpango huo ukifika mbele yenu, msiupitishe kabla ya kuletewa ramani ya ardhi ambayo haijasajiliwa, njia za mifugo na visima vikiwa vimechorwa. Kisha ipelekeni ramani hiyo kwa wafugaji, isomwe kwa lugha yao, msimu ambao wamerudi nyumbani.